Nilivyomuua Mama Mkwe kwa Elfu Kumi na Mbili

Naona heri nikiri mwenyewe kabla Akinyi hajanikirisha, maana kila tukipata wageni, huyu mke wangu hukohoa kidogo, hunitazama, halafu huwauliza kama wamewahi kusikia jinsi mamake alivyokufa siku moja pale Homa Bay akafufuka kabla ya chakula cha mchana. Aliyemuua ni mimi. Sikumtilia sumu wala sikumgonga na gari, nilimuua kwa tarakimu, na tangu siku hiyo nina uchovu ambao usingizi hauuondoi, kwa sababu aibu ya ukweni (wanaume mliooa mnanielewa) haiishi, inabadilisha nguo tu na kurudi.

Mama mkwe wangu ana biashara ya kuangua vifaranga pale Migori mjini. Ana mashine zake za kuangulia, na vifaranga wake wa siku moja wananunuliwa na wafugaji kuanzia Isebania mpakani mpaka huku ziwani. Ni mama wa maneno machache na kumbukumbu nyingi. Kwa miaka sita tangu nimwoe bintiye hakuwahi kunikosea adabu hata mara moja, lakini pia hakuwahi kuelewa ninachofanya. Mimi huunganisha mitandao na simu za maofisi, kazi halali kabisa, ila kwake nilikuwa "yule wa kompyuta", na alilisema kwa sauti ambayo wengine huitumia kwa mtu anayeshinda sokoni akicheza drafti.

Sasa akafungua duka jipya Homa Bay, na akataka nambari moja ya simu ambayo mfugaji akiipiga itaita kwenye duka na kule Migori kwa mashine, wasichana wapokee, waandike oda, mtu aambiwe aje saa ngapi kuchukua boksi lake. Wanawe wakamshauri atafute kampuni kubwa kutoka Kisumu. Akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Orwa yuko." Maneno mawili tu. Orwa ndivyo Wajaluo tunavyomwita mwanamume aliyeoa kwetu, na mimi kwa miaka sita sikuwa nimeitwa hivyo na yeye mwenyewe. Akinyi aliponisimulia jioni nilijifanya natafuta chaja, nisionekane macho.

Kwa hiyo mjue kilichokuwa mezani. Si simu tu. Mama huyu alikuwa ameweka jina langu mbele ya wanawe.

Simu za intaneti ni jambo rahisi ukiambiwa vizuri. Simu ikija kwenye jengo hupitia milango, mafundi ndivyo tunavyoielewa, milango ambayo haionekani na ambayo badala ya majina ina nambari. Kengele ina mlango wake mmoja. Sauti nazo zina milango yao, mingi sana, kwa sababu kila watu wawili wanaozungumza wanachukua miwili, mmoja wa kupitishia maneno na mwingine wa kuangalia kama maneno yanafika salama. Kuna kisanduku cha ulinzi kinachokaa hapo kama bawabu, na kazi ya fundi ni kukiambia kifungue mlango upi hadi upi. Ukimwambia bawabu vibaya, kengele italia, mtu atashika, na hamtasikiana. Simu itakuwa imepokewa na ukimya.

Hiyo milango nilipaswa kuambiwa na kampuni iliyotupa laini. Siku moja kabla ya ufunguzi nikawapigia nikiwa pale dukani, akapokea fundi wao mmoja aitwaye Magesa, mtu wa Musoma, ng'ambo ya mpaka, na jamani Kiswahili cha yule bwana! Kilikuwa kinateleza. "Karibu sana ndugu yangu, samahani kwa usumbufu, nikuhudumie vipi?" Sasa sisi watu wa Migori tukikutana na Mtanzania huwa tunapatwa na ugonjwa fulani, ama tunahamia Kiingereza kwa woga, ama tunajikaza kuonyesha kwamba na sisi tulikwenda shule. Mimi nilijikaza. Isitoshe mama mkwe alikuwa ameketi chumba cha pili, mlango wazi, anasikiliza mkwe wake akizungumza na wataalamu. Nikasema "naam" mahali ambapo kwa kawaida ningesema "eeh". Nikasema "ilhali". Sijui ilhali ilitoka wapi.

Magesa akasema, "Kwa ajili ya kengele, fungua mlango elfu tano na sitini. Kwa ajili ya sauti, fungua kuanzia elfu kumi hadi elfu kumi na mbili. Nikutumie kwa maandishi?"

Hapa ndipo pa kusimama. Mtu ameniuliza, kwa upole wote, kama aniandikie, na mimi kwa kiburi cha mtu aliyepata A ya Kiswahili darasa la nane nikamjibu, "La hasha, nimekuelewa barabara."

Nilikuwa nimeelewa, hilo ndilo linaloniuma. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa shule ya msingi alituchapa mikono mpaka tukajua kwamba elfu kumi na mbili ni elfu kumi halafu mbili, na ile nyingine kubwa inaitwa kumi na mbili elfu, na anayechanganya hizo mbili atabaki kuibiwa sokoni maisha yake yote. Na kama elfu tano na sitini ni 5060 (ndiyo, hiyo ni sahihi, muulizeni fundi yeyote), basi elfu kumi na mbili itakuwa nini? Nikaandika 10000 hadi 10002. Milango mitatu. Nikaitazama nikaiona michache, nikawaza nipige tena niulize, lakini kumpigia tena mtu uliyemwambia "barabara" dakika tano zilizopita, mama mkwe akisikia, sikuweza. Nikajiambia mashine za siku hizi hazina makuu.

Nikajaribu. Nikaipigia ile nambari kwa simu yangu, sauti safi. Nikamwomba mama mkwe naye apige kwa yake wakati huo huo, sauti safi, akasikia mpaka feni za mashine zake kule Migori zikivuma. Akaitikia kwa kichwa kidogo, namna yake ya kukubali. Leo najua kwamba mashine ilikuwa ikianza na mlango wa chini kabisa ulio wazi, mtu wa kwanza akachukua miwili, wa pili maneno yake yakapita kwenye ule wa tatu, na wa tatu hangekuwa na pa kupita. Lakini siku hiyo tulikuwa wawili tu, na wawili tulitosha.

Kisha nikafanya la pili, maana kosa halipendi kutembea peke yake. Nikamwambia mama mkwe kesho azime ile simu yake ya zamani ambayo wafugaji wote wanaijua, wazoee laini mpya. Alisita. Akaitazama ile simu ndogo iliyofungwa raba. Halafu akaizima, kwa sababu orwa amesema.

Siku ya ufunguzi maboksi ya vifaranga yalifika kutoka Migori asubuhi na mapema, yakapangwa ukutani, na duka zima likawa linalia vi vi vi. Kifaranga wa siku moja hangoji. Akikaa ndani ya boksi kwenye joto la Homa Bay mpaka alasiri, unaanza kumtoa akiwa amelala upande. Kwa hiyo mpango ulikuwa kila mfugaji apige asubuhi, aambiwe saa yake, aje achukue, na kufikia saa saba ukuta uwe mtupu. Nambari mpya ilikuwa imetangazwa kanisani na kubandikwa mpaka kwenye vituo vya bodaboda. Pasta akaombea simu. Tukasema amina, na kabla hajavaa kofia yake zikaanza kulia zote.

Velma, msichana wa mapokezi, akashika ya kwanza, akaongea vizuri. Mwenzake akashika ya pili, vizuri. Ya tatu ikaita, Velma akaishika kwa mkono wa pili, "Halo? Halo? Halo?" Akaiweka chini. Ya nne, halo halo. Kutoka Migori nako, halo halo. Baada ya nusu saa duka lilikuwa na sauti mbili tu, vifaranga wakisema vi na wasichana wakisema halo.

Nikaingia kazini. Nikasema kwa sauti ya daktari, "Hebu wekeni zote chini nipime." Wakaweka. Nikapiga, sauti safi! Nikasema mnaona? Wakarudi kazini, kimya. Nikasema tena wekeni zote chini, nikapima, safi. Nilifanya hivyo mara tano au sita, na hata mara moja haikunijia kwamba dawa ilikuwa ni hilo la kuweka zote chini. Badala yake nikaanza kumlaumu Velma. Nikamwambia, mbele za watu na mbele ya pasta, kwamba simu si ya kushikwa kama mwiko, kwamba huenda anabonyeza mahali pa kuzima sauti, kwamba aseme kwa nguvu. Yule binti akasema kwa nguvu. Mpaka leo akinisalimia naona haya, ingawa nilimwomba msamaha.

Kisha nikashuku nyaya, na nyaya zilipita chini ya meza aliyokalia mama mkwe. Sasa ninyi mnajua mkwe na mama mkwe hawakaribiani hivyo. Mimi hata kiti chake sikalii, hata nikila kwake nageuka kidogo. Nilisimama pale nikiwa na tochi mdomoni nikitafuta namna ya kulisema. Akaelewa, akainuka, akakusanya sketi yake, akaenda kusimama mbali karibu na maboksi akitazama dirishani, na mimi mkwe wake nikaingia chini ya meza kwa magoti, makalio yakiwa nje, na suruali ile ya ufunguzi ikasema prrr, ikachanika. Sikuigusa. Nilikaa huko chini kuliko nilivyohitaji.

Nikiwa huko ndipo niliposikia nduru.

Mnaijua nduru ya msiba, haifanani na nyingine. Ilianzia barabarani ikaja hadi getini, sauti ya mwanamke mmoja ikipokewa na wengine wawili watatu. Nikainuka kwa haraka nikagonga meza kwa kisogo. Nilipotoka nje nikiwa nimeshika suruali nyuma, nikawaona. Mama Risper, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafugaji kule Kisegi, mteja wa mama mkwe wa miaka mingi, leso imefungwa kiunoni, mikono kichwani, anamlilia marehemu kwa jina na kwa sifa zake zote, kwamba nani sasa atatupatia vifaranga wasiokufa, nani atatuamini mpaka kuku wakue. Watu walikuwa wametoka kwenye maduka yote. Mwenye duka la jirani alikuwa tayari anafunga mlango wake kwa heshima.

Na marehemu akatokea mlangoni.

Mama Risper aliketi palepale chini, mdomo wazi.

"Mama Risper," mama mkwe akasema polepole, "ni mimi unanililia?"

Mama Risper akaanza kuifungua leso kiunoni. "Nimepiga hiyo namba mpya mara nne," akasema. "Mtu anashika, halafu ananyamaza. Mimi nauliza, hakuna mtu anajibu. Na ni nyumba gani mtu hushika simu na hawezi ongea, kama si nyumba iko na maiti? Nikapiga yako. Mteja hapatikani. Miaka yote simu yako haijawahi kuwa mteja. Ningejua nini kingine?"

Hakuwa amekosea. Huku kwetu simu ikishikwa na ukimya mtu huwa anakaa chini kwanza. Na si yeye peke yake aliyeketi chini asubuhi ile. Wengine walikuwa wamewapigia wenzao, na wenzao wakapiga simu ya zamani wakakuta mteja, ikawa ushahidi. Kufikia saa sita, kuanzia Kisegi mpaka Migori, mama mkwe wangu alikuwa amefariki, na wengine walishajua hata ugonjwa. Akinyi alikuwa ameipata habari kazini kwake Migori na alikuwa njiani, analia, na mimi alinipigia nisishike kwa sababu nilikuwa chini ya meza na simu yangu ilikuwa juu ya meza.

Mama mkwe alimwinua Mama Risper mwenyewe. Akamkalisha ndani kwenye kiti chake, akaagiza apewe soda. Pasta akaomba tena, safari hii kwa muda mrefu, kuyafuta yale maombolezo yasimfuate mtu aliye hai. Kisha mama mkwe akanigeukia. Sikuwa nimeficha vumbi la magotini.

"Orwa," akasema, "yule mtu wa Tanzania alikwambia nini? Sema vile alisema."

Nikasema. Elfu tano na sitini ya kengele, na ya sauti kuanzia elfu kumi hadi elfu kumi na mbili.

"Na wewe uliandika ngapi?"

Nikamwonyesha kwenye skrini. Aliinama akasoma, 10000, 10002, akapeleka kidole kwenye ile mbili ya mwisho akakiacha hapo.

"Mimi nauza vifaranga miaka ishirini," akasema. "Mtu akiniambia elfu kumi na mbili, naangua kumi na mbili elfu. Sijawahi ona mtu anaagiza vifaranga mbili juu ya elfu kumi. Hiyo mbili itabebwa na nini?"

Jamani. Miaka minne ya chuo, vyeti viwili ukutani, na A yangu ya Kiswahili. Nilimpigia Magesa pale pale, wote wakisikia, akacheka kwa adabu, akasema ndiyo ndugu yangu, moja mbili sufuri sufuri sufuri, na tena akaniuliza kama anitumie kwa maandishi. Nikamwambia atume. Nikaifuta ile mbili ya mwisho, nikaandika 12000, nikabonyeza. Kazi ya nukta chache. Simu ya tatu ikaita, Velma akashika, akasema halo moja tu, halafu akaanza kuongea na mtu, na machozi yakamtoka.

Ila ilikuwa saa saba. Maboksi yalikuwa bado ukutani. Nusu ya wafugaji walikuwa wameenda kununua kwingine, nusu walikuwa wakitafuta nguo nyeusi, na kila aliyepiga simu ilibidi kwanza aelezwe kwamba mama yu hai ndipo aulizwe kuhusu vifaranga. Mama mkwe aliwasha simu yake ya raba akaanza kuwapigia mmoja mmoja, "Ni mimi. Ni mimi mwenyewe. La, sijafa." Akinyi akafika, akamkumbatia mamake mlangoni kwa muda mrefu, halafu akanitazama juu ya bega lake. Kuna maneno ambayo mke hasemi mbele za watu, anayaweka.

Mimi nilipewa gari na maboksi. Nilizunguka na vifaranga wale mpaka jua likapoa, nyumba kwa nyumba, suruali imefungwa kwa sweta, na kila nyumba nikikaribishwa na pole ya msiba. Niliporudi sikuingia dukani mara moja. Nilifungua yale maboksi yaliyobaki nje, kwenye mwanga, nikawatoa waliokufa miongoni mwa vifaranga hai, wadogo hivi, wepesi, bado wana rangi yao ya njano, nikawapanga kwenye boksi moja tupu. Nilihesabu mara mbili. Hapo ndipo niliposikia uchungu wenyewe, kwamba hawa hawakuwa na A ya Kiswahili wala ukweni wa kutunza, walikuwa wanangoja tu mtu aseme halo.

Mama mkwe alitoka akasimama karibu nami, karibu kuliko anavyosimama siku zote. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alikuwa amechoka, kama mimi.

"Ni ngapi wamekufa?" akauliza.

Nikalifunika lile boksi.

"Mama," nikamwambia, "nitakuandikia."

Alinitazama. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa sweta yake akanipa, na kwenye kifuniko cha boksi nikaandika kwa tarakimu, kubwa, halafu chini yake kwa maneno, kisha akasoma zote mbili, akaitikia kwa kichwa kidogo, vile vile, akaingia ndani.

Ile simu inafanya kazi mpaka leo, na bado ni mimi ninayeitunza, ingawa ukweni jina langu sasa ni Elfu Kumi na Mbili na wakihesabu viti vya sherehe lazima mtu aseme orwa aandikiwe. Ninaitika. Siku hizi mtu akinitajia nambari yoyote, hata ya nyumba, hata ya wimbo kanisani, natoa kalamu namwomba aandike, na mtu akiniuliza kama nimeelewa, hata kama nimeelewa barabara, nasema hapana.